Kabla Hujaiuza kwa Kilo: Namna ya Kufufua Antena Kuukuu ya Redio

Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akinunua shehena ya safari yake ya kumtafuta Livingstone. Waliozijua njia za bara walimweleza kwamba nguo na shanga peke yake hazitoshi, kwa sababu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ndio unaohesabiwa kama dhahabu. Akanunua frasila kumi, karibu kilo 160, za waya wa namba 5 na 6, unene unaokaribia ule wa waya wa simu. Mizigo ya aina hiyo ilibebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha ikagawanyika: mingine kwenda Ujiji, mingine kaskazini kupitia nchi ambayo leo ni wilaya ya Nzega, kuelekea Usukuma.

Waya bado una bei katika nchi hiyo. Siku hizi hununuliwa kwa mizani pamoja na masufuria yaliyotoboka na rejeta za magari, na kwenye mizani hiyo ndiko zinakoishia antena ambazo zingeweza kupeleka sauti hadi Mombasa au Muscat. Kwa miongo mingi magharibi mwa Tanzania iliongea kwa simu ya upepo. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, waliziunganisha hospitali za mbali na Nairobi kwa redio za masafa mafupi. Misheni, kambi za wakimbizi, miradi ya maji na kambi za wachimbaji zilifanya hivyo hivyo. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000 redio zilizimwa, antena zikaachwa zikining'inia au zikaviringishwa na kutupwa stoo. Lusu, kata ya Nzega ambako mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulifunguliwa mwaka 1999 na kufungwa miaka kama 15 baadaye, ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta, kama zilivyo stoo za parokia na zahanati za mkoa mzima wa Tabora.

Kwa kijana anayetaka kuingia katika redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya kujifunza na kujifurahisha yasiyo ya biashara, antena ya namna hiyo ni mali. Redio huchakaa kwa namna nyingi, lakini antena haina vingi vya kuchakaa. Shaba na alumini iliyokaa juani miaka 30 bado inapitisha mawimbi. Kinachokufa ni maungio, plastiki na kebo. Ukishika hilo, kazi ya ukarabati inajipanga yenyewe: chuma unakiacha kama kilivyo, nguvu zako zote unaziweka kwenye maungio.

Kabla ya kununua

Dai hati ya mauziano, hata kama ni karatasi ya daftari yenye jina, saini na muhuri wa ofisi ya kijiji. Shaba ya reli, ya simu na ya umeme huibwa, na atakayekamatwa nayo hatasikilizwa akisema alidhani ni ya antena. Waya mnene wa shaba usio na kihami wala kiungo cha antena popote, unaouzwa kwa bei ya kutupa, uache.

Jambo la pili ni leseni. Kurusha mawimbi kwenye bendi za redio ya ridhaa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ishara yako ya wito. Ishara za Tanzania huanza na 5H. Kwa mazoea 5H3 ni ya bara na 5H1 ni ya Zanzibar. Anza kuishughulikia leseni mapema, wakati antena ingali chini, maana ukarabati utakwisha haraka kuliko karatasi.

Halafu angalia unachonunua ni aina gani. Ningemshauri anayeanza achukue antena ya waya kabla ya ile ya mabomba. Yagi ya bendi tatu, yaani antena ya mabomba ya alumini inayoelekezwa upande mmoja, inavutia macho, na kwa aliye na nguzo imara ni silaha kubwa, lakini inahitaji mnara, mashine ya kuizungusha na vipimo sahihi vya kila bomba. Waya unahitaji miti miwili. Kwa mawasiliano ya ndani ya Tanzania, waya ulionyoshwa mita sita au nane juu ya ardhi unaishinda Yagi, kwa sababu unatupa mawimbi juu, nayo hurudi chini kutoka tabaka la hewa la ayonosfia na kufunika eneo lote la kilomita mia nne au zaidi kuzunguka. Kutoka Lusu, hilo ni Tabora, Shinyanga, Mwanza, Singida na Kigoma kwa pamoja.

Kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza

Anzia kwenye kebo. Mafundi wengi huishia kuhangaika na waya wa juu wiki nzima, na tatizo likawa kwenye mita moja ya kebo iliyonyonya maji.

Chuna sentimita tano za ganda la nje upande uliokuwa juu, penye antena. Ukikuta wavu wa shaba unang'aa, mshukuru Mungu. Ukiwa mweusi au wa kijani, kata nusu mita nyingine, chuna tena, endelea hadi ufike kwenye shaba safi. Maji hupanda na kushuka ndani ya wavu mithili ya mafuta kwenye utambi wa kibatari, hivyo kebo inaweza kuwa nzima kwa nje na imeoza mita tatu ndani. Ukishakata mita tano na bado ni nyeusi, iachie kazi ya kamba ya kuanikia nguo.

Iliyobaki ipime kwa multimita. Acha ncha ya mbali wazi, pima kati ya waya wa katikati na wavu: mita isionyeshe chochote. Ikionyesha thamani yoyote, hata kama ni kubwa, kuna unyevu. Kisha unganisha waya wa katikati na wavu kwenye ncha ya mbali, pima tena: kwa mita 30 usome ohmu moja au mbili, si zaidi. Wakati unapima, mwambie mtu aitikise na kuikunja kebo pole pole toka mwanzo hadi mwisho. Namba ikirukaruka, umepata mahali palipovunjika.

Kuhusu aina, kebo nyembamba ya RG-58 inatosha kabisa kwa masafa mafupi. Kwenye megahezi 7, mita 30 za RG-58 hula karibu robo ya nguvu yako, na anayekusikiliza hatagundua tofauti. Kwenye megahezi 144 kebo hiyo hiyo itameza kama robo tatu ya nguvu, kwa hiyo huko tafuta RG-213 au fupisha njia. Kama huna uwezo wa zote mbili, kebo ya dishi la televisheni, RG-6, inafaa kwa dipoli, yaani antena ya mikono miwili inayoungana na kebo katikati, kwa nguvu ya wati 100 na chini ya hapo. Ni ya ohmu 75, na dipoli iliyonyooka angani ina ohmu zinazokaribia hizo. Ugumu wake ni kwamba wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haushiki risasi. Huo hubanwa kwa kiunganishi chake cha kukandamiza, haulehemiwi.

Viunganishi vya zamani vya PL-259 vifungue vyote bila huruma. Kiunganishi kilicholehemiwa vizuri huonyesha risasi iliyotiririka na kung'aa kwenye vile vitundu vinne vya pembeni. Kilicholehemiwa vibaya kina vidonge vya kijivu vilivyokaa juu tu. Kinachohitajika ni joto jingi kwa muda mfupi. Kifaa cha wati 30 cha kutengenezea redio hakitoshi. Mafundi wa vijijini wanaopasha chuma kizito cha kulehemia kwenye jiko la mkaa wana faida hapa, kwa sababu chuma kizito kinatunza joto. Kwaruza kwanza rangi ya kiunganishi kwa msasa kuzunguka vitundu, paka mafuta ya kulehemia, kisha gusa, yeyusha, ondoa. Ukikaa sana plastiki ya ndani itayeyuka na waya wa katikati utagusa wavu, kwa hiyo pima kwa mita mara kikipoa.

Antena ya waya

Antena utakayoikuta zaidi kwenye stoo za mashirika ni ile pana ya waya mbili, ya mitindo iliyouzwa pamoja na redio za Codan na Barrett za Australia. Ni waya unaokwenda na kurudi, ukitenganishwa na vijiti vya plastiki. Katikati ya waya wa chini kuna kijisanduku cha baluni, kifaa cha kuoanisha kebo na antena, ambako kebo inaingia, na katikati ya waya wa juu kuna kijisanduku kingine chenye rezista kubwa. Kwa ujumla urefu wake hupita mita 20. Sifa yake ni kwamba inakubali masafa yote bila kurekebishwa, na gharama yake ni kwamba sehemu ya nguvu yako inageuka joto ndani ya rezista ile.

Rezista ndiyo hufa kwanza, mara nyingi kwa radi iliyopiga jirani. Usiipime kupitia kebo, kwa sababu baluni nyingi za aina hii ni transfoma, na mita itakuonyesha sifuri hata kama kila kitu ni kizima. Fungua upande mmoja wa rezista, pima peke yake. Nzima itasoma ohmu mia kadhaa, na mara nyingi thamani imeandikwa kwenye kijisanduku au kwenye karatasi ya mtengenezaji. Iliyokufa haisomi kitu, au inasoma maelfu. Ukitaka kuibadilisha, lazima iwe ya kaboni au ya aina nyingine isiyo na koili ndani. Rezista iliyotengenezwa kwa waya uliosokotwa itaharibu kazi yote.

Mimi nisingeibadilisha. Kwa redio ya ridhaa antena hiyo inakupa kitu bora zaidi ukiivunja na kuijenga upya kuwa dipoli pacha. Toa rezista, toa baluni, kata waya upate mikono minne: miwili ya megahezi 7 na miwili ya megahezi 14. Vijiti vya kutenganisha unavyo tayari. Mikono yote ya upande mmoja inaunganishwa kwenye waya wa katikati wa kebo, ya upande wa pili kwenye wavu. Mirefu inakaa juu, mifupi inaning'inia chini yake kwa vijiti vile vile. Ukirusha kwenye 7 mikono mirefu inachukua umeme, ukirusha kwenye 14 inachukua mifupi, bila swichi yoyote. Na dipoli ya 7 huitikia pia karibu na 21, kwa sababu hapo inakuwa nusu wimbi mara tatu.

Hesabu ya urefu ni hii: gawa 143 kwa masafa kwa megahezi, unapata mita za dipoli nzima. Kwa 7.1 ni mita 20.14, kila mkono mita 10.07. Kwa 14.2 ni mita 10.07 zote, kila mkono mita 5.04. Ongeza nusu mita kwa kila mkono mrefu na sentimita 30 kwa kila mkono mfupi kabla ya kukata, kwa sababu waya unaweza kuukunja ukawa mfupi lakini kuurefusha ni kuunga, na kiungo ni adui. Kama waya wako una ganda la plastiki, kama ule wa milimita 1.5 wa kufungia umeme nyumbani, utatoka mfupi kidogo kuliko hesabu.

Badala ya baluni uliyoitoa, chukua mita 6 za mwisho za kebo yenyewe, izungushe mara 8 hadi 10 kwenye ndoo ndogo yenye upana wa sentimita 20 hivi, itoe, ifunge kwa kamba, iache ining'inie pale antena inapoungana. Koili hiyo inazuia mawimbi yasirudi chini kwa nje ya kebo na kukuunguza mdomo kwenye maikrofoni. Haigharimu senti.

Vihami vya ncha ukivikuta vya kauri, vioshe kwa maji ya sabuni na uvitumie tena, vitaishi kuliko wewe. Vya plastiki vilivyopauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo vitupe. Na hapa mkoa wa Tabora una kitu ambacho kwingine hununuliwa kwa taabu, nacho ni nta ya nyuki. Zamani, kabla plastiki haijaenea, watu wa redio walichemsha mbao ngumu ndani ya nta ili kutengeneza vihami, na mbinu hiyo haijafutwa na kitu. Chukua kipande cha mninga mkavu, urefu wa kiganja, kitoboe matundu mawili kwenye ncha, kichemshe kwenye nta kwa moto mdogo hadi mapovu yaishe. Mapovu ni maji yanayotoka ndani ya mbao. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria kubwa ya maji kwanza, iyeyuke yote, kisha malizia kwa uangalifu juu ya makaa machache, nje ya nyumba, kwa kuwa nta inashika moto. Kihami hicho kitabeba wati 100 bila shida.

Nta hiyo hiyo usiitumie kuziba kiunganishi cha kebo. Jua la Oktoba juu ya kitu cheusi linailegeza, nayo inavuta sisimizi. Kiunganishi kifunge kwa tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, ukiivuta hadi irefuke maradufu, kutoka chini kwenda juu ili maji yateleze. Juu yake weka tepu ya kawaida ya umeme, na juu kabisa viringisha vipande vya tyubu ya baiskeli vikikazwa sana, ambavyo vitaikinga tepu na jua. Lakini tyubu isiguse ncha za antena. Mpira mweusi una masizi ya kaboni ndani yake, na kwenye ncha za dipoli voltiji hufika mamia. Silikoni yenye harufu ya siki nayo iepuke karibu na shaba, maana ile siki inaila.

Antena ya mabomba

Ukibahatika kupata Yagi au antena ya wima ya alumini, kitu cha kwanza ni kalamu na tepu ya kupimia. Pima kila bomba linapotoka ndani ya jingine, pima nafasi kati ya vipande, piga picha, weka alama ya rangi kila maungio, ndipo ufungue nati ya kwanza. Vipimo vya mtengenezaji vikipotea na vyako huna, umebaki na mabomba.

Mabomba yaliyogandiana hayapigwi nyundo. Yalowekwe kwa mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya taa usiku kucha, kesho yake mwagia bomba la nje maji ya moto huku mtu wa pili akilizungusha la ndani. Yazungushe, usiyavute. Yakitoka, sugua ndani na nje kwa msasa laini hadi ile rangi ya jivu iishe. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Unaacha chembe za chuma ndani ya alumini na kutu inaanzia hapo. Paka grisi nyepesi, rudisha, kaza kwa klipu za hosi za chuma cha pua. Grisi haitazuia umeme, kwa sababu mkazo wa klipu unaisukuma pembeni na alumini inagusana na alumini.

Shaba isiguse alumini popote. Kati yake weka washa ya chuma cha pua, la sivyo mvua ya kwanza itageuza kiungo hicho kuwa betri ndogo inayokula alumini. Na bomba lililopasuka kwenye tundu la bolti usilipeleke kwa mchomeleaji. Joto la kuchomelea linailainisha alumini ya antena, nayo itakunjika kwa upepo wa kwanza. Ingiza bomba jingine dogo ndani yake, sentimita 20 kila upande wa ufa, toboa, kaza kwa bolti mbili.

Antena za bendi nyingi zina vyumba vya alumini vyenye koili ndani, na hivyo ndivyo moyo wake. Vitikise karibu na sikio. Kikilia, kuna kitu kimekatika au kuna kiota. Dondora wanavipenda sana, wanaziba kwa udongo kile kitundu cha kutolea maji na mvua inajaa ndani. Fungua, ondoa udongo kwa kijiti, suuza kwa maji safi, anika kivulini siku kadhaa, kagua kama koili imeungua au plastiki imegeuka mkaa. Unaporudisha, kitundu kiangalie chini, na ukizibe kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa uzi wa nailoni: maji yanatoka, dondora haingii. Kama unaweza kuazima kile kipimo kidogo kiitwacho NanoVNA, ambacho tangu mwaka 2019 hivi kimeshusha sana bei ya kazi hii, pima kila chumba peke yake. Viwili vya pande mbili za kipande kimoja lazima vilingane.

Nguzo, kamba na radi

Nguzo ya mkaratusi ni nzuri, rahisi na inapatikana, lakini mchwa wa Nzega hawaisamehe. Kuchoma mguu wake na kuupaka oili chafu kunachelewesha tu. Njia ya kudumu ni kuzika vipande viwili vya bomba la chuma au chuma cha pembe kwenye zege na kuifunga nguzo juu yake kwa bolti, mbao ikiwa imeinuka juu ya ardhi upana wa kiganja. Mchwa akipanda utaona njia yake ya udongo na utaifuta.

Kamba za katani hukaza zikilowa na kulegea zikikauka, kisha zinaoza. Zile za plastiki, manila, jua linazigeuza unga ndani ya misimu michache. Tafuta kamba ya polista, nyeusi ikipatikana. Na ukifunga ncha kwenye mti, usifunge moja kwa moja. Pitisha kamba kwenye kapi, ncha yake ifunge galoni lenye maji au mchanga. Mti ukiyumba galoni linapanda na kushuka, waya haukatiki. Kama una nguzo moja tu, inua katikati ya dipoli na kuzishusha ncha pande mbili, pembe ya juu isiwe chini ya nyuzi 90, na ncha zikae juu ya mita tatu mahali ambapo mtoto wala ng'ombe hafiki. Anayeishika ncha wakati unarusha ataungua.

Nyaya za umeme zimefika vijiji vingi, na hili halina mjadala: nguzo na antena yako ikianguka upande wowote isiweze kuugusa waya wa TANESCO. Acha umbali wa angalau mara mbili ya urefu wote. Hakuna antena iliyo na thamani ya maisha ya aliyeshika kamba.

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, nazo huja na radi. Weka nondo ya athi ya shaba yenye urefu wa mita moja na robo au zaidi, pale kebo inapofika ukutani, kabla haijaingia ndani. Kwenye ardhi ya kichanga weka mbili au tatu, zikiachana kwa urefu wake, ziunganishe kwa waya mnene, na kama nyumba ina athi yake ya umeme iunganishe nazo ili zote ziwe kitu kimoja. Wavu wa kebo uungane na athi hiyo. Haya yote hayaizuii radi ikikupiga moja kwa moja. Yanapunguza tu madhara ya ile inayopiga jirani. Kinga ya kweli ni kuchomoa kebo na kuiacha nje ya nyumba mara wingu likianza kujengeka, kabla hujasikia mngurumo, na kutoigusa tena hadi lipite.

Kuirekebisha

Pandisha antena, unganisha mita ya SWR kati ya redio na kebo, rusha kwa nguvu ndogo kabisa, wati tano au kumi. Mita inakuambia ni kiasi gani cha wimbi kinarudi badala ya kuondoka. Moja kwa moja ni kamili, moja na nusu ni nzuri sana, hadi mbili redio nyingi hazilalamiki. Pima sehemu kadhaa za bendi, andika, tafuta ni wapi namba iko chini kabisa.

Tuseme dipoli yako ina mita 20.60 na namba ya chini kabisa umeipata kwenye 6.9, wakati unataka 7.1. Zidisha 20.60 kwa 6.9, gawa kwa 7.1, unapata mita 20.02. Basi unapaswa kupunguza sentimita 58, yaani 29 kila upande. Usikate. Kunja ncha na kuizungusha juu ya waya wenyewe, kwanza sentimita 20, pandisha, pima, kisha malizia. Kwenye dipoli pacha anza na mikono mirefu, fuata mifupi, halafu rudi tena kuikagua mirefu, kwa sababu huathiriana kidogo.

Namba ikikataa kushuka popote kwenye bendi, tatizo si urefu, rudi kwenye kiungo na kebo. Na namba ikiwa nzuri ajabu kila mahali, kuanzia 3 hadi 30, usifurahi. Kama huna rezista katika antena, kebo yako imelowa na inameza nguvu yote kabla haijafika juu.

Ukishamaliza, andika kwenye daftari urefu wa mwisho wa kila mkono, namba ulizozipata na tarehe. Kila Oktoba, kabla ya mvua, shusha antena, fungua tepu ya kiunganishi kimoja uangalie rangi ya shaba, kaza klipu, safisha vitundu vya dondora, pima tena na ulinganishe na daftari. Mabadiliko madogo ya namba hutangulia kuharibika kwa miezi, na huo ndio muda wa kutengeneza kwa gharama ya tepu na risasi. Dipoli iliyoungwa na kuzibwa namna hii itakutumikia miaka mingi. Kitakachohitaji kubadilishwa kwanza ni kamba.